Buti za Jomrye

Jina langu Pilnam, na wanaojua maana ya jina hilo wanajua kwamba baba yangu alitaka mtoto wa kiume. Hakumpata. Alinipata mimi, mwenye mdomo, nisiyejua kudanganya, na ninayeogopa baridi kuliko deni. Kwa hiyo ukisikia nililala kwenye theluji juu ya mlima huko Gangwon, katika mwezi ambao hata mbwa huingizwa jikoni, ujue sikwenda kwa kupenda. Nilikwenda kwa ajili ya Jomrye.

Tulikuwa watatu tangu shule: Jomrye, Kyungae na mimi. Wazimu huu wa mahema ni Jomrye aliyetuanzishia. Watoto walipokwisha kuoa na kuolewa, wanawake wenzetu waliingia kwenye karata na kupaka nywele rangi. Yeye akanunua hema. Kila majira ya baridi alituburuta mlimani tukalale kwenye theluji, na kila mwaka niliapa kwamba sirudi tena, na kila mwaka nilirudi. Ukiwa na Jomrye ulikuwa salama. Alijua upepo utageukia wapi kabla haujageuka, na fundo lake likishafungwa, limefungwa. Sisi tulibeba chakula na kulalamika.

Kisha akili yake ikaanza kuvuja. Yalianza kupotea majina ya wajukuu, ikafuata njia ya sokoni, halafu siku moja akakutwa kituo cha basi akimsubiri mumewe arudi kazini, na mumewe tulishamzika. Mwanawe, Byunguk, akabadilisha kitasa cha mlango ili mama asiweze kufungua kwa ndani. Simlaumu. Lakini nilipokwenda kumwona, Jomrye alinishika mkono akanivuta karibu.

"Pilnam," akasema, "nataka kulala kwenye theluji mara moja tu, nikiwa bado najua kwamba hii ni theluji."

Ungemjibu nini? Nilikwenda kugombana na Byunguk mpaka akachoka. Mwishowe akakubali, ila alitusindikiza hadi kwenye gari na kuniinamia kwa heshima zote, kichwa karibu kifike magotini. "Mama mdogo, nampa mama mikononi mwako. Umrudishe kama ulivyomchukua." Nikamwambia sawa. Neno fupi tu, sawa, lakini lilinikaa kifuani njia nzima kama mfupa wa samaki.

Mchana ule, nisiseme uongo, alikuwa Jomrye wetu wa zamani. Tulipanda nyuma ya malisho ya kondoo, theluji ikifika magotini, na yeye mbele. Alichagua mahali, akaikanyaga theluji mpaka ikashikamana, akatuonyesha pa kuchimbia vigingi. Kyungae, ambaye ana duka la vitoweo sokoni Gangneung na mikono yake inajua kabichi tu, alifunga kamba moja ya hema, na Jomrye akaitazama, akaifungua bila neno, akaifunga upya. Kyungae akasema basi, mwalimu, nisamehe. Tukacheka. Niliwaza kwamba pengine madaktari nao hubahatisha.

Hema lenyewe lina milango miwili, mbele na nyuma. Desturi yetu ni moja: buti hazikanyagi ndani. Mtu huketi mlangoni, huvua, hukung'uta theluji, na usiku kila mmoja hutia buti zake kwenye mfuko wa plastiki na kulala nazo, maana ukiziacha nje asubuhi utavaa mawe. Chupa ya maji ya moto huvishwa soksi na kuwekwa miguuni. Jua lilipozama upepo ulianza, na kipimajoto cha Kyungae kikashuka mpaka akakigeuza kisitutazame. Mtungi wa gesi uligoma kuwaka. Nilikaa nimeukumbatia kwenye koti kama mtoto mchanga mpaka ukapata joto, ndipo jiko likakubali.

Tulikula mchuzi wa kimchi, ile kabichi ya pilipili iliyochachushwa, na nyama ya nguruwe, na wali, na kikombe kimoja kimoja cha pombe ya soju. Hapo ndipo Jomrye aliposimamisha kijiko akauliza kama baba watoto ameshakula. Kyungae akasema kula wewe kwanza, chakula kinapoa. Baada ya muda akauliza tena. Kyungae akazungumzia bei ya kabichi. Alipouliza mara ya tatu alikuwa ameanza kusogeza nyama pembeni ya bakuli, anamwekea. Mimi nikashindwa. Nimeshasema sijui kudanganya.

"Jomrye, amekufa. Tulimzika pamoja, wewe na mimi na Kyungae."

Alinitazama kama mtu aliyepigwa kofi na mgeni. Kwake habari ile ilikuwa mpya kabisa, ndiyo kwanza inamfikia, hapo, na kijiko mkononi. Hakulia. Aliweka bakuli chini, akasema hakuna aliyemwambia. Kyungae alinifinya paja kwa nguvu, na nilistahili. Baada ya dakika chache Jomrye alikuwa amesahau, lakini uso wake ulibaki na huzuni isiyojua ilikotoka, na hilo liliniuma kuliko kama angelia.

Wakati wa kulala nilitoa kamba niliyokuja nayo makusudi. Ncha moja nikaifunga kwenye kifundo cha mkono wangu, nyingine kwenye wake. Akanitazama nikihangaika na fundo.

"Unanifunga kama ndama?"

"Ndio. Ndama mwenyewe mtoro."

"Na fundo lenyewe hulijui," akasema, akacheka, akajifunika.

Tulimlaza katikati. Taa ikazimwa. Upepo uliligonga hema kwa viganja, ukanyamaza, ukarudi. Sikulala. Nilikuwa nimelala macho, nahesabu pumzi za wenzangu wawili na kuogopa moja isije ikapotea. Kila baada ya muda niliivuta kamba kidogo, na kila nilipoivuta, upande wa pili nao ulivuta kidogo. Basi nikasema moyoni, yupo. Nikavuta, ikavuta. Yupo. Nadhani ndivyo nilivyopitiwa na usingizi, kamba mkononi.

Nilizinduliwa na baridi ya shavuni. Mlango wa nyuma wa hema ulikuwa umefunguliwa zipu kiasi cha mtu kupita akiinama, na theluji ilikuwa inaingia kama unga unaochekechwa. Nikaivuta kamba haraka. Ikajibu. Nikapumua. Halafu nikapapasa katikati yetu, na mkono wangu ukakuta mfuko wa kulalia uliobonyea, hauna mtu, hauna hata joto la mtu.

Niliwasha taa ya kichwani. Kamba ilitoka mkononi mwangu, ikapita juu ya mfuko wa Jomrye, ikaenda kuishia kwenye kifundo cha mguu wa Kyungae, kwa fundo zuri kabisa, fundo lisilofunguka. Usiku kucha nilikuwa navutana na mguu wa Kyungae.

Nilimtikisa Kyungae mpaka akakaa, na alipoona kamba mguuni mwake hakuhitaji kuelezwa. Buti za Jomrye hazikuwepo, koti lake halikuwepo, chupa yake ya maji nayo haikuwepo. Glavu zake zilikuwepo. Kyungae alikimbilia simu, simu imezimwa na baridi; yangu vilevile, zote mbili vipande vya barafu. Kushuka mpaka nyumba za wafugaji ilikuwa mwendo mrefu hata mchana. Tukaelewana kwa maneno machache: yeye abaki, atundike taa juu ya hema na agonge sufuria bila kuacha, ili mimi nisipotee pia. Mimi nitoke.

"Akifa?" Kyungae akauliza. Alikuwa ameshaishika sufuria.

"Gonga sufuria," nikamwambia.

Nje hapakuwa na giza hasa, theluji ina mwanga wake, lakini upepo ulikuwa unazifagia nyayo kadiri mtu anavyozikanyaga. Karibu na hema niliona alama za mtu aliyekwenda kujisaidia, kama sote tunavyofanya, hatua chache tu. Zilitakiwa kurudi. Hazikurudi; zilikwenda kulia, kwenye miti, halafu upepo ukazifuta. Nilimwita jina. Nilimwita mpaka baridi ikaniingia mapafuni kama sindano na sauti ikakatika. Kichwani nilikuwa namsikia Byunguk: umrudishe kama ulivyomchukua. Nilikuwa nimeshaanza kupanga nitamwambia nini, nikajichukia kwa kupanga. Nyuma yangu sufuria ililia, kong, kong, kong, na kila nilipoisogelea miti sauti ilififia.

Nikafika mahali ambapo mlima unakatika kuelekea korongoni. Hapo ndipo taa yangu ilipoangukia buti.

Zilikuwa zimesimama juu ya theluji, pamoja, sambamba, zimepangwa kwa mkono. Nilipiga magoti. Kwetu viatu vilivyopangwa vizuri pembeni mwa daraja vina maana moja tu, kwamba mwenyewe ameruka, kila mtu anaijua, hata mtoto akiviona hukimbia kumwita mkubwa. Nikakumbuka uso wake na kijiko mkononi. Mimi ndiye niliyemwambia amekufa. Nikasema, Pilnam, umemuua kwa mdomo wako, na nililisema kwa sauti, kwa sababu nilisikia upepo ukilibeba.

Sijui nilikaa hapo muda gani. Nilinyoosha mkono nizichukue zile buti, angalau nirudi na kitu, na hapo ndipo nilipoona kwamba zimenigeukia mimi. Ncha zilitazama nilikotoka, visigino vilitazama korongo. Mtu anayekwenda kuruka huvua viatu akaviacha kama alivyosimama. Hizi ziligeuzwa. Mwenye nyumba ndiye anayevigeuza viatu namna hiyo, mlangoni, ili anayetoka atie mguu tu na kwenda.

Nikainua taa. Nyuma ya buti palikuwa na msonobari mzee, matawi yake yamelemewa na theluji mpaka yamegusa chini, na katikati pakabaki uwazi mdogo, wa mtu kuinama. Nikainama, nikaingia. Jomrye alikuwa ameketi kwenye shina, miguu ameikunja chini yake, soksi tupu, chupa ya maji ya moto ameikumbatia. Yuko hai. Midomo yake ilikuwa ya bluu na alitetemeka kama kuku aliyelowa, lakini yuko hai. Nikamkamata mkono nikamvuta.

Akapiga kelele. Alishika shina kwa mkono mwingine, akanipiga teke, akaita mwizi, mwizi, na nguvu alizokuwa nazo sikuzitegemea. Kadiri nilivyomvuta ndivyo alivyozidi kurudi ndani, upande wa korongo, theluji ikimomonyoka chini ya magoti yake. Nikamwachia. Alinitazama usoni kwa muda, halafu akashusha macho miguuni kwangu, na hasira yake ikabadilika ikawa ile ninayoijua tangu utotoni.

"Pilnam? Unaingiaje ndani ya nyumba ya watu na viatu?"

Mbele yangu kulikuwa na barafu, matawi na shimo. Mbele yake kulikuwa na nyumba, na naijua ni ipi: ile aliyoingia alipoolewa, yenye mlango mfupi uliotugonga vichwa sote. Mdomo wangu ulishafunguka kumwambia ukweli, amka Jomrye, hapa ni mlimani, utakufa. Nikaufunga. Nilirudi nyuma kinyumenyume mpaka nje, nikaketi kwenye theluji, nikavua buti. Naapa sijawahi kufanya jambo la kijinga kama hilo maishani, na vidole vyangu vilikataa kamba za buti, lakini nilivua. Nikaziweka kando ya zake. Nikapiga hodi.

"Karibu," akasema, na sauti imelainika. "Baridi leo. Umeshakula?"

Nikasema nimekula. Akasema huo ni uongo wa wageni. Aliomba radhi kwamba hakuna kitu cha maana ndani, akanipa chupa, nikanywa maji ambayo bado yalikuwa na uvuguvugu, nikamrudishia naye anywe. Akaniomba nisiongee kwa sauti kwa sababu baba watoto amelala chumba cha pili. Aligeuza kichwa kuelekea korongoni alipokuwa amelala baba watoto. Miguu yangu ilianza kuuma, halafu ikaacha kuuma, na hapo hofu ikanipanda zaidi, maana kama yangu imeacha kuuma sasa hivi, yake je? Kwa mbali sufuria ililia.

"Nani anatwanga usiku huu?"

"Kyungae. Anapika."

"Saa hizi?"

"Si unamjua."

Akaguna. Nami nilikuwa natafuta neno la kumtoa, na silipati. Kumvuta haiwezekani. Kumdanganya kwamba nyumba inaungua? Angekimbilia chumba cha pili. Nikamtazama, mwenye nyumba amekaa kwake, amenyooka, anatetemeka na anaona aibu hana cha kumpa mgeni. Ndipo nikakumbuka kwamba katika maisha yangu yote sijawahi kuondoka nyumbani kwa Jomrye peke yangu. Hata kuwe na mvua, hata awe na homa, alinitoa mpaka mlangoni, kutoka mlangoni mpaka njiani, kutoka njiani mpaka kituo cha basi, na husimama pale mpaka basi lipinde kona.

"Haya," nikasema, nikainuka. "Mimi naenda, Jomrye. Usiku umeingia."

"Mara hii?"

"Kyungae ananingoja."

"Basi ngoja nikusindikize."

Nilitoka kwanza. Aliinama mlangoni, akatoka, na kabla hajavaa zake alizichukua buti zangu, akazikung'uta theluji, akazigeuza na kuniwekea miguuni kama mgeni. Alikuwa hana glavu. Kisha akakaa, akavaa zake, na vidole vilipomshinda nilimfungia kamba, naye akasema fundo gani hili.

Tulitembea tumeshikana mikono, tukiifuata sauti ya sufuria. Njiani alinisimulia kuhusu mkwewe asiyependa kimchi kali, mkwewe aliyekufa zamani, nami nikaitikia eeh, eeh, kumbe, na kila hatua niliiomba isiwe ile atakayokumbuka kurudi. Mara mbili alisimama akatazama nyuma. Mara mbili nikamwambia bado kidogo, kituo kile pale. Taa ya Kyungae ilionekana, ikapotea, ikaonekana. Alipotuona aliacha kugonga, akaweka mkono mdomoni.

Mbele ya hema Jomrye akaachia mkono wangu. "Nimekufikisha," akasema, akainamisha kichwa kuniaga. "Narudi, nimewaacha watu wamelala." Na akageuka kweli, akapiga hatua kuelekea kwenye miti.

Kyungae alitaka kumrukia. Nilimzuia kwa mkono.

"Ngoja, Jomrye. Na mimi nikusindikize."

Akacheka, alicheka kwa midomo ile ya bluu. "Tutasindikizana mpaka kuche."

"Na kuche."

Nikamshika mkono, tukaenda upande wa miti hatua chache, halafu nikapinda kidogo, nikapinda tena, tukalizunguka hema. Kyungae ana maneno mengi na akili yake wengi hawaioni, lakini usiku ule alielewa bila kuambiwa. Tulipotokea upande wa pili mlango ulikuwa wazi, taa ndogo inawaka ndani, na yeye ameketi pale, analia na kutabasamu. "Karibu nyumbani," akamwambia. "Umechelewa."

Jomrye aliutazama ule mlango mfupi. Kisha aliketi, akavua buti, nami nikavua, akazikung'uta zake, akazigeuza, akazigeuza na zangu, akainama na kuingia. "Nimerudi," akasema, kama tunavyosema sote tukifika kwetu.

Tulimvua soksi zilizoganda. Kyungae alichukua mguu mmoja akautia tumboni kwake, mimi mwingine, ngozi kwa ngozi, na baridi ya mguu ule niliisikia mpaka kwenye mgongo. Tukakaa hivyo mpaka akaanza kulalamika kwamba vidole vinamchoma. Kilikuwa kilio kizuri kuliko vyote nilivyowahi kusikia. Alipokuwa anasinzia alifumbua macho akanitazama.

"Baba watoto amelala?"

"Amelala," nikasema.

Akafumba macho. Kyungae alinitazama juu yake, sikumtazama. Nilizima taa, nikazitia buti zake kwenye mfuko wangu wa kulalia pamoja na zangu, jozi mbili, nikazikumbatia mpaka alfajiri. Kulia nako nililia, sioni sababu ya kuficha.

Asubuhi upepo ulikuwa umekufa na jua linaumiza macho. Jomrye aliamka yeye mwenyewe, Jomrye wetu, akanywa mchuzi, akalalamikia chumvi. Kisha akaiona ile kamba, bado imefungwa kwenye mguu wa Kyungae, maana hatukuweza kulifungua fundo. Akaishika, akaligeuza fundo, akalitambua ni lake. Alitazama vidole vyake vya miguu, vyekundu, vimevimba.

"Nilitoka," akasema.

"Ulitoka."

"Mbali?"

"Ulikuwa unanisindikiza tu."

Alinitazama. Tangu utotoni anajua sijui kudanganya. Akatafuta usoni pangu, na sijui aliona nini. "Na kurudi?" akauliza. "Nani alinirudisha?"

"Mimi nilikusindikiza."

Akaitikia kwa kichwa polepole. Akalifungua fundo kwa kidole kimoja, akaikunja kamba vizuri, akanikabidhi. Akauliza buti zake ziko wapi. Nikazitoa kwenye mfuko wangu wa kulalia, akatia mguu, akasema zina joto.